Gurudumu la Akiba Mgongoni mwa Gari

Wapo watu wanaodhani kuwa safu hii hupotea njia kila inapoacha mambo ya jikoni na ya malezi ikaingia chini ya gari. Lakini gari la familia nalo ni sehemu ya nyumba. Ndani yake hulala watoto wakati wa safari, hupakiwa mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, na usiku wa manane hubebwa mgonjwa. Kitu kinachobeba watu wa nyumba kina haki ya kuzungumzwa katika ukurasa wa nyumba. Leo nataka tuzungumze juu ya kiungo kimoja tu cha gari hilo, kiungo ambacho hakuna akikumbukaye mpaka siku ya mashaka: gurudumu la akiba, au kama tulivyozoea kuliita mitaani, spea.

Kilichonisukuma ni barua ya mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aishiye Mbagala. Yeye, mumewe na shemeji yake walichanga fedha wakanunua Toyota HiAce iliyokwisha kutumika. Siku za kazi gari hilo hupeleka watoto shuleni. Mwisho wa wiki huwa la ukoo mzima, kwa arusi, kwa misiba, na kwa safari za kwao Tanga. Spea ilikaa chini ya gari, upande wa nyuma, ikining'inia kwa mnyororo, mpaka asubuhi moja wakakuta mnyororo umekatwa na gurudumu limeibwa. Wakanunua jingine. Sasa linalazwa ndani, nyuma ya kiti cha mwisho, na watoto hulifanya kigoda. Fundi wa bodi aliye jirani nao amewapa shauri: "Mama, hii kazi ya saa moja tu. Bolti nne mlangoni, unaondoka." Mume ameridhika. Mama hakuridhika, naye anauliza kama anao msingi wa wasiwasi wake au anamsumbua mwenzake bure.

Msingi anao, tena mkubwa. Hata hivyo mumewe naye hakukosea kutaka gurudumu litoke ndani, na ni vema tuanze hapo.

Gurudumu la HiAce, yaani rimu ya chuma pamoja na tairi lake, lina uzito wa kilo 20 na ushei. Ukitaka kuujua uzito huo bila ya mizani, jaza maji ndoo ya lita 20 uinyanyue. Sasa fikiri gari linakwenda kilometa 80 kwa saa, na dereva akalazimika kukanyaga breki kwa sababu ng'ombe amekatiza barabara. Gari litasimama, lakini kitu kisichofungwa ndani yake hakina habari ya breki. Chenyewe kitaendelea na mwendo ule ule wa kilometa 80 mpaka kikutane na cha kukizuia. Katika gari la watoto wa shule, cha kukizuia ni nini? Ni migongo na shingo za watoto. Kwa hiyo gurudumu la kulazwa sakafuni bila ya kufungwa ni hatari ya leo hii, wala si la kungojea mshahara wa mwisho wa mwezi. Mpaka mtakapopata pa kuliweka, lifungeni kwa mkanda imara kwenye miguu ya kiti iliyokazwa sakafuni.

Je, mahali pale lilipowekwa na kiwanda, chini ya mkia wa gari, pana ubaya gani? Kusema kweli, ubaya si mwingi. Uzito unakaa chini, gari halilewilewi katika kona, milango inabaki huru, na kioo cha nyuma hakizibwi. Hushushwa na kupandishwa kwa kamba ya chuma au mnyororo unaozungushwa kwa mpini unaopitishwa katika tundu upande wa nyuma. Ni ubunifu wa akili, na mimi husema wazi kwamba mwenye gari linalotembea katika lami, lisilojazwa kupita kiasi, na linalolala ndani ya ua wenye lango, asihangaike kulihamisha. Avae nguo kuukuu mara mbili kwa mwaka, alishushe hadi chini, aoshe matope, apake grisi kwenye mnyororo na kwenye meno ya kile kizungushio, alijaze upepo, kisha alirudishe. Wengi hawafanyi hivyo. Miaka mitano hupita, chumvi ya pwani na tope la masika vinakula chuma, na siku ya haja mpini hauzunguki.

Ipo dosari nyingine ambayo watu huijua wakiwa wamekwama. Tairi la nyuma likipasuka ilhali gari limebeba watu na mizigo, mkia wa gari huinama upande ule. Nafasi ya chini ya gari, ambayo hata siku ya kawaida si kubwa, hupungua. Tairi la akiba limelala kama sinia, na sasa halina njia ya kutokea. Itabidi watu wote washuke, mizigo ishushwe, jeki itafutiwe mahali pa kukaa, gari linyanyuliwe kwanza, ndipo spea ivutwe. Mchana, penye watu, hilo ni usumbufu tu. Lakini usiku, kati ya Chalinze na Segera, malori yakipita kwa kishindo na watoto wamesimama katika majani ya kando ya barabara, kila dakika moja ina thamani yake. Hapo ndipo gurudumu lililosimama mgongoni mwa gari, linalofunguliwa kwa nati tatu bila ya mtu kulala chini, linapolipa gharama yake.

Kabla hatujafika kwenye bolti nne za fundi, niruhusu nichepuke kidogo, maana suala hili la kubeba gurudumu la ziada lina historia yake. Tairi la upepo lililoleta mafanikio ya biashara lilitengenezwa na John Boyd Dunlop mwaka 1888, tena kwa ajili ya baiskeli. Magari ya kwanza yalipovaa matairi ya namna hiyo hayakubeba gurudumu la akiba hata moja. Tairi likitoboka, dereva alikaa kando ya barabara, akalifungua pale pale kwa vyuma vya kubandulia, akaziba tundu, akajaza upepo kwa mikono yake. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, Thomas Morris Davies alibuni rimu isiyo na njiti, yenye tairi lililokwisha jazwa upepo, ambayo ilibanwa kando ya gurudumu lililoharibika ili gari liendelee na safari. Iliitwa Stepney, kwa jina la mtaa wa Stepney katika mji ule. Baadaye yalikuja magurudumu yanayofunguliwa mazima mazima kama tunavyofanya sasa, na chombo kile kikasahauliwa. Lakini nchini India na kisiwani Malta watu mpaka leo huita gurudumu la akiba kwa jina hilo hilo, ijapokuwa wengi wao hawajapata kuisikia Llanelli.

Tangu hapo waunda magari wamekuwa wakihangaika na swali lile lile la mama wa Mbagala: tuliweke wapi? Land Rover za zamani zililibeba juu ya boneti au mlangoni nyuma. Kombi ya Volkswagen, kwa kuwa injini yake ilikuwa nyuma, haikuwa na mgongo wa kubebea mzigo huo. Gurudumu lilikaa ndani, na wenye Kombi wengi wakaona bora walitundike puani mbele, chini ya kioo, likawa kama kitovu cha gari. Wapo wanaolipandisha kwenye kichanja juu ya paa. Shauri hilo silipendi. Uzito ukikaa juu gari huyumba, na kumshusha kilo 20 kutoka urefu wa mita mbili ni kazi ya vijana wawili wenye nguvu. Mama aliye peke yake na watoto atamwita nani?

Basi tumefika mlangoni.

Mwili wa gari, ndugu msomaji, una mifupa na una ngozi. Mifupa ni zile nguzo na mihimili ya chuma kinene iliyo chini ya sakafu na katika kona, ambayo hubeba injini, ekseli na abiria. Ngozi ni bati linalofunika mifupa hiyo kuzuia mvua na vumbi na kumpendeza mtazamaji. Bati la mlango unene wake haufiki hata milimita moja. Likigongwa kwa kiwiko hubonyea. Fundi anayesema bolti nne mlangoni anataka kutundika ndoo iliyojaa maji kwenye ngozi.

Tena si kutundika tu. Shika ndoo ile ya lita 20 karibu na paja lako. Utaweza kutembea nayo mpaka bombani na kurudi. Sasa inyoshe mbele yako kwa urefu wa mkono. Uzito ni ule ule, lakini bega litalia. Gurudumu lililofungwa mlangoni huning'inia nje ya bati kwa sababu lina unene wa sentimita 20 hivi, na kila gari linaporuka tuta ama shimo, uzito huo huvuta bolti kwa nguvu mara kadhaa kuliko gari likiwa limesimama. Kwanza rangi hupasuka kuzunguka tundu la bolti. Halafu bati hufanya mstari mwembamba kama ufa wa chungu. Maji huingia, kutu huanza. Mlango hukataa kufungika sawasawa kwa kuwa bawaba zimelegea. Wenye Land Rover wanaijua hadithi hii kwa machungu yao: milango ya nyuma ya magari yale, iliyobeba gurudumu kwa miaka katika barabara mbovu, ilipasuka mingi sana, hata watengenezaji wa vifaa vya ziada wakabuni mkono wa pekee wa kulibebea gurudumu ili mlango upumzike. Kama mlango wa gari lililoundwa kwa ajili ya porini ulishindwa, seuze bati la gari la abiria?

Mwisho wa hadithi ni gurudumu kuanguka barabarani. Tuseme linaanguka gari likiwa katika mwendo, Barabara ya Kilwa, saa moja jioni. Litadunda na kuviringika. Nyuma yako yuko kijana wa bodaboda na abiria wake, naye hakuuliza wala hakushauriwa juu ya zile bolti nne. Mimi nadhani hapa ndipo penye jambo lenyewe. Katika nyumba nyingi mzee wa nyumba anapopokea shauri la fundi hupima mambo mawili, bei na muda. Yule anayekuja nyuma hapimwi kamwe.

Kwa HiAce nyingi zilizoletwa kwetu kutoka Japani liko tatizo la pili, na hili peke yake latosha kulikataa shauri la fundi. Mlango wao wa nyuma ni mmoja, nao hufunguka kwenda juu, ukisaidiwa na vyuma viwili vya gesi vinavyousukuma na kuushikilia usianguke. Vyuma hivyo vimepimwa kwa uzito wa mlango ulivyo. Ongeza kilo 20, navyo havitauweza. Mama atafungua mlango, atainama kutoa mfuko wa unga, na mlango utamshukia kichwani. Noah nayo mlango wake ni wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: mlango unaofunguka kwenda juu haubebi gurudumu, hata fundi awe hodari namna gani.

Magari yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwa ubavu, mathalani Pajero na baadhi ya Land Cruiser, yalibuniwa tangu kiwandani kubeba gurudumu mahali hapo. Ndani ya mlango wao mna mbavu za chuma, na bawaba ni nene. Usiyatolee mfano. Yapo pia magari ya mizigo yenye milango miwili kama kabati. Haya yanaweza kufungwa gurudumu kwenye ubawa mmoja, kwa masharti kwamba ndani ya mlango pawekwe sahani ya chuma yenye upana wa kutosha kusambaza uzito, kwamba bolti zishike ubavu wa mlango na si bati tupu, na kwamba bawaba zikaguliwe kwanza. Hata hapo mimi ningechagua njia ninayotaka kuieleza sasa.

Njia hiyo ni mkono wa chuma unaojitegemea. Katika kona moja ya nyuma husimamishwa nguzo fupi, iliyoshikwa na ile mihimili miwili ya chini ya gari ambayo mafundi huiita chesisi. Katika nguzo hiyo huzunguka mkono kama lango la ua. Gurudumu hufungwa katikati ya mkono, na ncha ya pili ya mkono huja kukaa na kufungwa upande wa pili. Unapotaka kufungua mlango wa gari, unafungua kwanza mkono, unauzungusha kando, kisha mlango unapanda juu kama siku zote, mwepesi kama ulivyozaliwa. Uzito wote uko kwenye mifupa. Mlango haujui habari.

Mafundi wa chuma wanaoweza kazi hii wapo wengi, pale Gerezani na kwingineko, lakini hapana budi mwenye gari asimame na kutazama, maana ubora wa kitu hiki umo katika mambo ambayo rangi ikishapakwa hayaonekani tena. Nguzo isikazwe kwenye bampa. Bampa ya gari la kisasa ni plastiki juu na chuma chepesi ndani; haikuwekwa pale kubeba chochote. Fundi akishika bampa na kusema ni imara, mwombe alale chini akuonyeshe ni wapi bolti zake zitakapokamata chesisi, upande wa kulia na upande wa kushoto pia, kwa chuma kimoja kinachovuka kutoka mhimili hadi mhimili. Bolti ziwe zile ngumu, zenye namba 8.8 juu ya kichwa chake, na nati ziwe za kujikaza zisizolegezwa na mtikisiko. Mimi hupendelea bolti kuliko kuchomelea kwenye chesisi, kwa kuwa moto wa kuchomelea huunguza rangi ya ndani ambayo hutaweza kuipaka tena, na kutu huanzia hapo. Lakini mkono wenyewe na nguzo yake, hivyo vichomelewe barabara, tena mzunguko mzima wa maungio, si vidoadoa vitatu vya hapa na pale.

Endapo patakuwa na kuchomelea kokote karibu na gari, waya za betri zifunguliwe kwanza. Umeme wa mashine ile huweza kuharibu vyombo vya umeme vya injini, na bei yake itawafanya msahau bei ya mkono. Fundi atazame pia bomba za breki na za mafuta zinapopita. Na siku hizi, hasa Dar es Salaam, kuna magari yaliyobadilishwa kutumia gesi asilia. Kama lako ni mojawapo, usiruhusu keekee wala moto karibu na mtungi au bomba zake kabla hujawauliza waliokufungia.

Bawaba ya mkono ndiyo moyo wa kazi. Msumari wake uwe mnene, uzunguke ndani ya bomba lenye tundu la kupigia grisi. Bawaba za mlango wa nyumba hazifai, hata ziwe tatu. Tena mkono ukiwa umefungwa, ncha yake isibaki ikielea: iwekewe kikalio cha chuma ipande na kuketi juu yake, ili uzito ugawanyike pande mbili na bawaba isifanye kazi usiku na mchana. Komeo liwe na kizuizi cha pili, pini ya kupenyeza au kufuli, kwa sababu komeo moja likifunguka barabarani mkono wote utafyatuka kama fimbo. Na pawe na kishikizo cha kuuzuia mkono ukiwa wazi. Gari likisimama mlimani, mkono usiozuiwa hurudi wenyewe, na kidole cha mtoto hakina haraka ya kuondoka.

Swali ambalo mafundi hawaulizwi ni bawaba ikae upande gani. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara. Gari likiharibika husogezwa kushoto, na hatari yote huja kwa kulia. Basi nguzo na bawaba viwe kulia, na komeo liwe kushoto. Mwenye kufungua atasimama upande wa majani, wala hatakuwa na mgongo kwenye malori. Kwa fundi haiongezi gharama hata ya senti moja ikiwa ataambiwa kabla ya kukata chuma.

Kipimo cha kimo nacho kina maneno yake. Tairi la HiAce lina kipenyo cha karibu sentimita 70. Likiwekwa juu sana litaziba kioo cha nyuma, na dereva atarudi nyuma kwa kubahatisha, katika uwanja wenye watoto wadogo. Likiwekwa chini sana litafunika namba ya gari au taa, na litagusa ardhi katika mabonde. Namba isiyoonekana na taa iliyozibwa ni makosa ya barabarani, na askari atakuwa na haki ya kukusimamisha; licha ya askari, dereva wa nyuma asiyeona taa yako ya breki ndiye wa kuogopwa zaidi. Kama hapana njia ila kufunika namba, ihamishiwe kwenye mkono pamoja na taa yake ndogo, waya zikiachiwa ulegevu wa kutosha kufuata mkono unapozunguka. Gari lenye kamera ya nyuma litazamwe kamera inaona nini. Kimo kizuri ni kile ambacho mama wa nyumba, kwa nguvu zake mwenyewe, anaweza kulivua gurudumu na kulishusha likiegemea paja lake bila ya kulinyanyua. Apimwe yeye, si fundi.

Sahani ya kufungia gurudumu itobolewe matundu yanayolingana na rimu yenyewe. HiAce za tangu mwaka 2004 zina nati sita. Za kabla yake nyingi ni tofauti, kwa hiyo fundi apime rimu iliyo mkononi, asikisie. Nati tatu zilizopishana sawasawa zatosha kulishika, na zote ziwe na mdomo wa mteremko unaoingia katika tundu la rimu. Nati bapa hulegea. Moja ya hizo iwe ya kufuli, maana mwizi wa mnyororo hakuhama mji. Ufunguo wake ukae ndani ya gari pamoja na jeki na spana, usiwekwe kabatini nyumbani.

Kumbuka kwamba urefu wa gari lako sasa umeongezeka. Mkono na gurudumu vimetokeza nyuma kwa sentimita 25 au zaidi, na ukuta wa jirani haukuarifiwa. Uzito nao umeongezeka, kwa kuwa mkono wenyewe si mwepesi. Usiugeuze kuwa mti wa kutundikia dumu la maji, jembe na kuku wa arusi.

Gurudumu likiwa nje, jua letu litaanza kulila. Mpira hukauka na kupasuka kwa mionzi ya jua hata kama haujakanyaga barabara, na watu hudanganyika kwa kuona kashata zake bado ndefu. Lishone vazi la turubai. Mama mwenye cherehani atalimaliza kwa mchana mmoja, akitia mpira wa kubana pembezoni na kuacha tundu dogo chini maji yatoke. Kisha usome umri wa tairi: ubavuni mwake, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Ikiwa ni 2319, limetengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Wauzaji wengine wa matairi ya mitumba hutumaini kwamba hujui kusoma hapo. Ujazo wa upepo uwe ule wa tairi la nyuma gari likiwa limejaa, kwa kuwa kupunguza upepo njiani ni rahisi, lakini kuuongeza porini hakuna wa kukusaidia. Kichwa cha kujazia kielekee nje, ili fundi wa pancha apime bila ya kufungua kitu.

Kazi ikimalizika usimlipe fundi fedha zote siku ile. Mpakie, kama atakubali, mwende pamoja barabara ya vumbi yenye matuta, kilometa 20 au 30. Msikilize. Mkono uliofungwa vizuri haugongi. Mkirudi, kila bolti na kila nati ijaribiwe kwa spana, na zitakazokubali kuzunguka zikazwe. Rudia baada ya juma moja, halafu kila mwezi, siku ile ile unayopima mafuta ya injini. Jumapili moja ya karibu, gari likiwa uani, baba akae kivulini na mama avue gurudumu la nyuma na kuvalisha spea, watoto wakubwa wakitazama: nati zilegezwe kabla ya jeki kupanda, jiwe liwekwe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili, na mtu asiingize hata mguu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Ule mnyororo wa zamani chini ya gari, kama wezi wameacha kipande, usiuache uning'inie; utaburuzwa na kunasa kwenye tuta. Ung'olewe pamoja na kizungushio chake, vipakwe grisi, vifungwe katika gunia na kuwekwa stoo. Siku mtakapoliuza gari, mnunuzi atauliza viko wapi.